Ngome ya Mgeni ni Mali ya Nani?

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma jinsi Paulo alivyotolewa mikononi mwa makutano huko Yerusalemu, akachukuliwa na askari mpaka ndani ya ngome. Ngome hiyo ilikuwa ya Warumi. Tena katika Injili twasoma habari za akida wa Kapernaumu, aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa. Naye alikuwa mkuu wa askari. Habari hizi twazijua tangu utoto wetu, lakini ni mara chache tunapouliza: Je, ngome za namna hiyo zilikuwa za kazi gani? Nani alibeba mawe yake? Na mawe hayo yako wapi leo?

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari hizo, kwa sababu ya safari tuliyoifanya na wanafunzi wetu kutoka Katesh mpaka Arusha, na kwa sababu ya neno la mzee mmoja ambalo siku ile hatukuweza kulijibu.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumewaita wazazi shuleni ili tuwaeleze kwamba twataka kuwapeleka watoto wakalitazame boma la kale la Wajerumani lililoko Arusha. Wazazi wengi waliitikia. Lakini mzee mmoja wa Kiiraqw, ambaye babu zake walitoka upande wa Mbulu, akasimama polepole akiitegemea fimbo yake, akasema, "Walimu wangu, nawaheshimu. Lakini mwataka watoto wakatazame nini? Nyumba ya kiboko? Watu walipigwa ili ijengwe, na leo mwatudai nauli ili wajukuu wao waende kuistaajabia. Ingekuwa shauri langu, ningeiacha ianguke, majani yaote juu yake." Akaketi.

Tulinyamaza, maana neno lake lilikuwa na haki ndani yake. Tukamwambia, "Mzee wetu, tuache twende kwanza, kisha tutakuletea jibu." Naye akasema, "Nendeni salama."

Tuliondoka Katesh kabla ya jua kuchomoza, Mlima Hanang ukiwa nyuma yetu umejifunika wingu. Tukapita Endasak, tukafika Babati na kuliona ziwa lake, tukashuka kwenda Minjingu na Makuyuni, hata Mlima Meru ukaonekana mbele yetu. Arusha tulishuka karibu na mnara wa saa, tukapanda kwa miguu Barabara ya Boma. Mwisho wa barabara hiyo ndipo lilipo boma lenyewe. Kuta zake ni nene, zimepakwa rangi nyeupe, na nyumba zake zimezunguka uwanja wa majani. Siku hizi ni Makumbusho ya Taifa ya Elimu Viumbe, nayo yalifunguliwa kwa watu wote mwaka wa 1987. Mna ndani yake mambo mengi ya elimu ya viumbe na ya watu wa zamani sana, lakini hayo twayaacha kwa siku nyingine. Sisi tulikwenda kwa ajili ya kuta.

Mwanafunzi mmoja, msichana wa darasa la sita, akaweka kiganja chake ukutani akauliza, "Mwalimu, mawe haya nani aliyabeba?" Basi tukaketi kivulini tukawaeleza, na ninyi twawaeleza vivyo hivyo.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku kwenye miteremko ya Mlima Meru, walipokuwa wamekwenda kutafuta mahali pa kujenga kituo. Wenyeji waliona wageni hawa kuwa ni wa jamii moja na askari wa Kijerumani waliokuwa Moshi, wala hawakukosea kuziona hila za dola. Lakini waliouawa walikuwa watu wasiokuja na jeshi. Ndipo Kapteni Kurt Johannes akatoka Moshi na askari wake, pamoja na mashujaa wengi wa Kichaga, akawapiga Waarusha na Wameru. Nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakatekwa, migomba ikakatwa. Damu ya watu wawili ikalipwa kwa damu ya watu wengi, ambao wengi wao hawakujua hata habari ya usiku ule.

Baada ya vita Wajerumani wakataka mahali pa kukaa ili wailinde nchi waliyoiteka. Katika miaka ya 1899 na 1900 boma la Arusha likajengwa, na msimamizi wa kazi alikuwa afisa mmoja aliyeitwa Georg Küster. Waarusha na Wameru ndio waliotolewa kwa nguvu wafanye kazi hiyo. Tena tarehe 2 Machi mwaka wa 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na wakuu wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha, kwa kuwa waliwatuhumu kufanya shauri la kuasi. Basi mwaka ule kuta za boma zilipokuwa zikisimama, wakuu wa nchi walikuwa wakizikwa.

Jina la afisa Küster limehifadhiwa vitabuni. Majina ya watu waliobeba mawe hatukuyasoma mahali popote.

Boma halikuwa nyumba ya kulala askari tu. Ndipo palipotolewa amri, ndipo kodi ya nyumba ilipopelekwa, ile iliyoanza kutozwa mwaka wa 1898. Na ndipo watu walipofungwa na kupigwa viboko. Pwani watu waliwataja Wajerumani kwa hesabu ya viboko vyao, wakisema ni watu wa hamsa ishirini. Tena Wajerumani waliwaweka wasimamizi juu ya nchi za watu na kuwaita maakida, jina lile lile mnalolisoma katika Biblia kwa mkuu wa askari mia wa Kirumi. Maboma ya namna hii yaliwekwa mahali pengi, mengine karibu na kwetu, kama Kondoa-Irangi, na Mkalama katika nchi ya Wanyiramba. Kila moja lilikuwa kama msumari uliopigiliwa ili ngozi iwambwe isijikunje.

Lakini ngozi ile haikukaa juani miaka mingi. Mwaka wa 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Arusha mwezi wa Machi, na Kondoa-Irangi mwezi wa Aprili. Waingereza nao wakalitumia boma la Arusha kuwa ofisi zao. Kisha wao nao wakaondoka, Tanganyika ikapata uhuru mwaka wa 1961. Waliojenga wamekwenda, waliorithi wamekwenda, ukuta umebaki.

Sasa na tuwaendee Warumi, maana ndiko tulikolipata jibu la mzee wetu.

Warumi waliteka nchi nyingi, na walipofika mahali wasipoweza au wasipotaka kupita, waliweka mpaka na kuulinda kwa ngome. Katika nchi ya Uingereza, Kaisari Hadriano aliamuru ukuta ujengwe kutoka bahari hata bahari, nao ulianzwa mwaka wa 122 baada ya kuzaliwa Kristo. Urefu wake ni kilometa 118. Katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, waliweka mpaka mwingine kutoka mto Rhine mpaka karibu na mto Danube, wenye urefu wa kilometa 550 hivi, wenye handaki, boma la miti au ukuta, minara ya walinzi, na ngome za askari. Watu waliozuiwa na mpaka huo ndio waliohesabiwa na Wajerumani wa leo kuwa babu zao. Warumi waliwadharau, wakawaita washenzi. Nao babu hao hawakukaa kimya. Mwaka wa 9 baada ya Kristo, kiongozi wao Arminius aliviangamiza vikosi vikubwa vitatu vya Kirumi katika misitu, na jemadari wa Kirumi, Varus, akajiua kwa aibu.

Moja ya ngome za mpaka ule yaitwa Saalburg. Warumi waliiacha yapata mwaka wa 260, ikawa magofu. Kwa karne nyingi watu wa vijiji vya karibu walichukua mawe yake wakajengea. Halafu mwaka wa 1897 mfalme wa Ujerumani, Wilhelm wa Pili, akaamuru ngome hiyo isimamishwe tena juu ya misingi yake ya kale. Mwaka wa 1900 yeye mwenyewe aliweka jiwe la msingi, na kazi ikamalizika mwaka wa 1907. Cheo chake aliitwa Kaiser, na neno hilo limetoka katika jina la Kaisari wa Warumi.

Wasomaji, angalieni miaka hii vizuri. Mwaka ule ule wa 1900, mfalme yule yule alikuwa akitunza huko kwake ngome ya wageni waliowatawala na kuwadharau babu za watu wake; na askari wake walikuwa wakimaliza huku kwetu ngome mpya ya kuwatawala na kuwadharau babu zetu. Mkono wa kulia ulikuwa ukifuta vumbi la dola iliyokufa, na mkono wa kushoto ulikuwa ukipandisha ukuta wa dola iliyokuwa na miaka kumi na sita tu ya kuishi katika nchi ya Arusha. Kama angalisoma vizuri mawe ya Saalburg, angaliona mwisho wa mawe ya Arusha.

Lakini kuna jambo jingine hapo. Wajerumani hawakusema, "Ngome hii ni ya adui zetu, na ianguke." Waliitunza. Wala hawakumsahau shujaa wao. Mwaka wa 1875 walikuwa wamekwisha kumaliza sanamu kubwa ya Arminius juu ya kilima, upanga mkononi. Basi walivitunza vyote viwili, ngome ya mtekaji na ukumbusho wa yule aliyempinga. Mtoto wa Kijerumani aweza kuingia katika ngome ya Warumi asione haya, kwa kuwa anajua kwamba habari ile ni yake. Aliyebaki ndiye mwenye nyumba.

Waingereza nao walikaribia kuupoteza ukuta wao. Watu walibomoa mawe yaliyokwisha kuchongwa vizuri, wakajengea mazizi, nyumba, hata makanisa. Katika miaka ya 1750 Serikali yenyewe ilijenga barabara ya jeshi, na kwa masafa marefu ukuta ulivunjwa ili mawe yake yawe kokoto. Aliyeokoa sehemu kubwa alikuwa mtu mmoja, John Clayton, karani mkuu wa mji wa Newcastle. Tangu mwaka wa 1834 alianza kuyanunua mashamba ambayo ukuta ulipita ndani yake, shamba moja baada ya jingine, ili watu wasiendelee kubeba mawe. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alifariki mwaka wa 1890, na sehemu nzuri ambazo watu huzitembelea leo nyingi ni zile alizozinunua yeye.

Na faida gani iliyopatikana kwa kutunza? Twawapa mfano mmoja. Mwaka wa 1973, katika ngome ya Vindolanda karibu na ukuta huo, wachimbaji walikuta vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Tope lililokosa hewa lilikuwa limevihifadhi kwa miaka yapata 1,900. Vilipopelekwa kwa wataalamu na kusomwa, vilikutwa na barua za watu. Mwanamke mmoja, Claudia Severa, amwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa mkuu wa ngome, aje kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake. Barua nyingine yataja soksi na nguo za ndani alizopelekewa askari. Na katika kibao kingine Mrumi anawataja wenyeji wa nchi kwa jina la dharau, kama mtu mkubwa anavyotaja vitoto visivyo na maana. Waingereza wa leo hulisoma tusi hilo bila hasira, maana aliyewatukana hayupo, nao wapo. Lakini wenyeji wale hawakuacha barua hata moja. Twajua Warumi walisema nini juu yao. Wao walisema nini juu ya Warumi, hatujui.

Tena katika mpaka ule askari wengi hawakuwa watu wa Rumi yenyewe. Walitolewa katika nchi zilizotekwa, wakalinda nchi nyingine zilizotekwa. Katika karne ya tatu kilikuwako hata kikosi cha Wamuri wa Afrika ya kaskazini kikilinda upande wa magharibi wa ukuta wa Hadriano, katika baridi na mvua. Ndivyo ilivyokuwa na huku. Askari wa Wajerumani wengi walikuwa Wasudani na Waafrika wa makabila mengine. Dola hujua kumpiga ndugu kwa mkono wa ndugu.

Basi sasa turudi nyumbani, maana hata sisi tuna mabaki ya mipaka. Babu za Wairaqw, katika siku za mashambulio ya Wamasai, walichimba nyumba zao ndani ya miteremko ya vilima, hata paa likawa sawasawa na ardhi, na mtu apitaye mbali asitambue kwamba pana watu na ng'ombe. Hiyo nayo ilikuwa ngome, ingawa haikuwa na mnara. Nyumba hizo zilikuwa za udongo na miti, zimekwisha kutoweka karibu zote, na wanaojua namna ya kuzijenga wanapungua mwaka kwa mwaka. Kule Kalenga, karibu na Iringa, ngome ya Mtwa Mkwawa ilipigwa kwa mizinga na kuvunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba mwaka wa 1894. Yaliyobaki ya ukuta ni kidogo sana. Tazameni basi: ngome ya mgeni imesimama Arusha, imepakwa rangi, ngome za wenyeji zimekuwa majani. Tukisema tuliache na boma lianguke, hatutakuwa tumewalipiza kisasi Wajerumani. Tutakuwa tumepoteza na shahidi wa pili, yule aliyeona viboko.

Na si wageni tu wanaofuta. Katika Hanang, Wabarbaig huwajengea wazee wao wenye heshima makaburi ya vichuguu vya udongo, yaitwayo bung'eda, nayo ni mahali patakatifu kwao kwa vizazi vingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka iliyofuata, mashamba makubwa ya ngano ya Serikali yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada katika nchi ya Basotu, hata yakafika yapata ekari 100,000. Wazee wa Kibarbaig walilalamika kwamba trekta zililima juu ya makaburi ya baba zao. Ngano ilivunwa, watu wakala mkate. Lakini kaburi lililolimwa halirudi. Tena sisi wa Katesh hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa mbali. Tarehe 3 Desemba mwaka wa 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikaua watu zaidi ya 80 kati ya majirani zetu. Tulijua siku ile jinsi yale yaliyodhaniwa kuwa imara yanavyoweza kuondoka kwa asubuhi moja, na jinsi waliobaki wanavyotafuta hata picha moja au jiwe moja la mlango, ili waseme: hapa ndipo palipokuwa petu.

Huenda msomaji akasema, "Mimi ni mkulima, sina fedha za kununua mashamba kama yule Clayton. Nifanye nini?" Twamjibu kwa mambo machache.

La kwanza, usibebe jiwe. Ukuta wa kale haufi kwa siku moja. Hufa kwa toroli moja leo na toroli moja kesho. Aliyechukua mawe kumi kwa ajili ya jiko lake hakudhani kwamba amebomoa historia, lakini wenzake mia wakifanya hivyo hivyo, kazi imekwisha.

La pili, jua adui wa kuta, ambaye ni maji. Paa likivuja, maji huingia kati ya mawe, udongo hulainika, ukuta hutoa tumbo, kisha huanguka. Mbegu ya mkuyu ikidondoshwa na ndege katika ufa, mizizi yake hufungua mawe kama mkono ufunguavyo kitabu. Tena kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji ikipakwa juu yake huufungia ndani, na ukuta huoza huku uso wake ukionekana mzuri. Basi atakaye kutengeneza ukuta wa chokaa na atumie chokaa. Boma la Bagamoyo, lililojengwa mwaka wa 1897, sehemu yake ilianguka kwa mvua kubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ikabidi kutengenezwa kwa gharama. Boma la Mikindani, la mwaka wa 1895, lilikuwa gofu, nalo likatengenezwa likawa nyumba ya wageni, hata watu wa mji wakapata kazi. Kwa hiyo kutunza si kupoteza mali.

La tatu, ijue sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka wa 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka wa 1863. Maboma ya Wajerumani yote ni ya baadaye, kwa hiyo umri wao peke yake hauyalindi. Hulindwa yale yaliyotangazwa rasmi na Serikali. Basi kijiji chenye gofu la namna hiyo na kisinyamaze. Na kipeleke habari kwa ofisi ya wilaya, ili gofu hilo lijulikane na kuandikwa.

La nne, na ndilo kubwa, andika maneno ya wazee. Ukuta hauwezi kusema nani aliubeba. Ukuta waweza kusimama miaka elfu na kusema uongo miaka elfu, ikiwa habari zake zimeandikwa na upande mmoja tu. Wenyeji wa Uingereza ya kale hawakujua kuandika, nasi twawasamehe. Sisi twajua. Kila nyumba yenye mtoto wa shule ina kalamu na daftari. Tukiacha wazee wafe na maneno yao, tutamlaumu nani?

Tuliporudi Katesh tulimwendea mzee wetu nyumbani kwake jioni. Tukamwambia, "Mzee wetu, shikamoo. Tumekuletea jibu, ingawa tumechelewa." Akaitikia, akatupa viti. Tukamweleza yote, habari za Paulo na ngome, za mfalme aliyejenga Saalburg, za vibao vya Vindolanda. Tukamwambia, "Ulisema kweli kwamba ile ni nyumba ya kiboko. Lakini walioibeba ni watu wetu. Kila jiwe lililopo pale lilipita juu ya bega la mtu mweusi kabla halijafika ukutani. Ikianguka, jina la msimamizi litabaki katika vitabu vya kwao, na mabega yale hayatakuwa na ukumbusho wowote. Twataka isimame, si kwa heshima ya aliyeiamuru, bali kwa ajili ya walioibeba. Na watoto waambiwe hivyo kila waingiapo."

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Neno hilo naweza kulikubali. Lakini ninyi walimu, mmekwenda mpaka Arusha kuuliza habari za mawe, na mimi ninakaa hatua mia mbili kutoka shuleni kwenu. Mbona hamkuniuliza habari za nyumba ya babu yangu?"

Tuliona haya, kwa kuwa alisema kweli mara ya pili. Yule msichana wa darasa la sita alikuwa pamoja nasi, na daftari lake lilikuwa mkobani. Akalifungua. Mzee akaanza kueleza jinsi babu yake alivyochagua mteremko, jinsi udongo uliochimbwa ulivyotawanywa mbali ili adui asiuone, na jinsi ng'ombe walivyoingizwa ndani jua likizama. Giza liliingia, taa ikaletwa, naye alikuwa angali akisema. Kurasa nne zilijaa usiku ule, na kesho yake akatuma mjukuu wake kutuita, akisema kwamba alikuwa amesahau habari ya mlango.